Samaki Walioujua Mguu Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimevipaka rangi tangu jioni na kuazima soksi kwa shemeji yangu, nikafika kituo cha utafiti wa samaki hapa Gisenyi, mpakani kando ya ziwa, na bahasha yenye cheti changu cha uvuvi kutoka Tanzania, nilikokulia. Mkuu wa kituo hakuitazama bahasha. Alitazama miguu yangu. "Bon, sawa," akasema, "humu ndani hatuingii na viatu. Samaki hana haja ya kukuona ili ajue umekuja." Nikaingia chumba cha matangi pekupeku, sakafu ya saruji ikiniuma kwa baridi, nikadhani bwana yule ana dharau. Kumbe alikuwa ananifundisha jambo la kwanza la kazi, na ndilo nililokuja kulivunja.

Ninyi vijana wa kituo mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi kabla ya kamera. Nakubali. Lakini sitaandika kama nilivyozoea kuwasimulia kwenye chai ya saa nne, kwa sababu kila nilipowasimulia kuna mahali nilikuwa naparuka.

Swali letu lilikuwa jepesi kulitaja: samaki anaogelea kiasi gani, na ni kitu gani kinamfanya aogelee zaidi au atulie? Tulitumia tangi la kioo lililochorwa mistari kwa nje, kama daftari la mtoto wa shule. Mhesabuji hukaa nyuma ya pazia jeusi lenye tundu, ameshika kimashine cha kubonyeza kwa kidole gumba, na kila pua ya samaki inapovuka mstari anabonyeza mara moja. Unahesabu dakika kumi, unapumzisha macho, unarudia. Kukohoa mwiko. Ubavuni mwa samaki kuna mstari wa vitundu vidogo sana ambavyo kwavyo husikia maji yakitikisika, hata ukiweka kisigino chini kwa pupa. Ndiyo maana ya pekupeku.

Tulikuwa pia na bomba la mkondo. Hilo ni bomba pana, angavu, ambalo pampu inasukuma maji ndani yake, samaki anaogelea na hasogei. Unaongeza kasi kidogo kidogo hadi achoke na kulalia wavu wa nyuma, huku unahesabu mapigo ya mkia. Bomba nililipenda kwa kuwa halina ubishi. Samaki aliyechoka amechoka.

Na kulikuwa na kufunga. Samaki wa kupimwa hapewi chakula siku nzima kabla ya kipimo, kwa sababu aliyeshiba ana mwendo wake, na anayetazamia chakula ana mwendo wake mwingine kabisa. Mimi nilianza kwa kuosha matangi, nikapanda kuwa mlishaji, halafu mhesabuji. Sheria hiyo ya kufunga niliijua kuliko jina la baba mkwe.

Mhesabuji mwenzangu alikuwa Consolata, ambaye wote tulimwita Mama Neema. Alizaliwa hapa mpakani, nusu ya ndugu zake wako Goma, shule aliiacha mapema, na kazi alijifunzia palepale kwa kutazama. Alikuwa na macho ambayo sijayaona tena kwa mtu. Angeweza kukaa nyuma ya pazia dakika kumi bila kupepesa, halafu akuambie ni samaki yupi anaumwa. Mimi nilikuwa na cheti na Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, basi nikajiona mkubwa wake. Naona haya kuyaandika, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Ikaja kazi kubwa. Wafugaji wenye vizimba vya tilapia ziwani walitaka kujua kama kelele za injini za boti zinawasumbua samaki wao. Tukazamisha spika ndani ya tangi, tukawa tunapima bila kelele na kwa kelele, Mama Neema akihesabu asubuhi na mimi mchana, samaki walewale. Wahesabuji wawili wakihesabu kitu kimoja, hesabu zao zinapaswa kukaribiana. Zikiachana, mmoja haangalii. Mkuu alituambia pia kwamba kazi ikiisha, mmoja wetu atakuwa msimamizi wa chumba cha matangi.

Sasa nafika pale ninapoparukaga. Siku za kufunga na za kupima, samaki wenye njaa walikuwa wanatafunana mikia, nami nilikuwa nao kila siku. Nikawaonea huruma. Saa ya chakula cha mchana, Mama Neema akienda kula na kabla ya zamu yangu, nilichovya vidole mfukoni nikawatupia punje mbili tatu. Huruma ilikuwa mwanzo tu. Baadaye nilipenda jinsi walivyonikimbilia. Ujanani nilivunjika mguu wa kushoto kwa kuanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Bugeshi, karibu na hapa, nilipokuja kutembelea ndugu, na tangu hapo natembea kwa kukanyaga upande mmoja kwa uzito. Hata pekupeku, sakafu inasema ni mimi. Wale tilapia wakaujua mguu huo.

Nilipokaa nyuma ya pazia na kuweka jicho kwenye tundu, niliwaona wote wamejaa pembe moja, chini ya mfuniko, wanapanda na kushuka, wanavuka mistari bila kupumzika. Spika ikilia au isilie, wao wanangoja mkono wangu. Nilijua papo hapo ninachokiona. Kidole gumba kikaendelea kubonyeza.

Mkuu alituita ofisini, madaftari mawili yamefunguliwa mezani. Langu lilikuwa limejaa. La Mama Neema lilionyesha samaki wanaotembea taratibu, na kelele ikianza, wanashuka chini ya tangi na kutulia tuli.

"Mmoja wenu haangalii samaki," Mkuu akasema.

"Chef, mi naandika vile naona," Mama Neema akajibu. "Wakati ya kelele zinashuka chini, zinatulia. Sasa mi nitabonyeza nini?"

"Ulikuwa umelala, Mama Neema?"

"Mi silalake ku kazi. Chef, uliza Silivesta kama anazipatiaka chakula. Nilikuta unga ya chakula juu ya mufuniko."

Mkuu akanigeukia. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayejua jibu na anataka tu lisikike. "Silivesta, uliwalisha?"

Nilikuwa na nafasi ya neno moja. Nilifikiria usimamizi, nikafikiria cheti changu, nikafikiria uso wangu mbele ya mwanamke asiye na cheti.

"Hapana, Mkuu."

Mama Neema hakunitazama kwa hasira. Alitazama mguu wangu wa kushoto, muda mfupi tu, kisha akatazama dirisha. Mkuu akachukua kalamu nyekundu akapiga mistari kurasa za Mama Neema moja baada ya nyingine, na mwisho wa mwezi Mama Neema akaambiwa kituo hakimhitaji tena. Ripoti ikatoka kwa hesabu zangu: injini hazina neno kwa samaki. Nikawa msimamizi wa chumba cha matangi.

Yaliyofuata mnayajua, nimewasimulia mara nyingi na kwa madaha. Nilipelekwa kwenye boti ya kituo na chombo kinachotuma mlio majini na kuusikiliza ukirudi, nikajifunza kuona makundi ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kama wingu kwenye kioo, mchana yakiwa chini na giza likiingia yakipanda. Nilikaa upande wa vizimba, nikarudi kwenye matangi. Mkuu wa pili alikuwa mkali wa usafi, wa tatu alikuwa mtu wa makaratasi. Wote watatu waliniheshimu. Nilipostaafu nilipewa cheti kilichoandikwa "kwa uaminifu katika hesabu", na mke wangu akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila nikitazama habari nakiona. Nimewahi kumwambia kioo cha fremu kina ufa, akipeleke kutengenezwa, ili tu kiondoke machoni pangu. Akakipeleka, kikarudi kinang'aa.

Mama Neema anauza sambaza kavu sokoni. Miaka yote hii akiniona ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za wajukuu, na mimi nanunua kwa wengine.

Mwaka huu mliponialika kituoni, mtafiti wenu kijana, Aline, alinikalisha mbele ya kompyuta. Kamera iko ubavuni mwa tangi, hakuna pazia, hakuna mtu chumbani, na mashine inachora njia ya kila samaki kwa rangi yake. Akawasha kelele ya injini. Nyuzi zote za rangi zikashuka chini, zikasimama. "Unaona, Mzee?" akasema kwa furaha. "Wanatulia tuli. Hakuna aliyewahi kuliona hili kabla yetu." Nikampongeza. Hiyo ilikuwa mara ya pili ya kuuficha ukweli.

Usingizi ulinikataa, na kesho yake nikaenda sokoni. Mama Neema alikuwa anampimia mteja. Nilingoja nimeshika kofia, na mteja alipoondoka nikamwambia yote: punje, mfuko, neno nililomjibu Mkuu, na alichonionyesha Aline. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kusema kweli niliyatamani.

"Silivesta," akasema, mikono bado iko ndani ya sambaza, "unaniambia mi sababu ya nini? Mi najua tangu ile siku. Enda uambie bale hawajue."

"Nisamehe, Mama Neema."

"Bon. Enda kwanza." Kisha akaniita nikiwa nimeshageuka. "Ule mutoto ya kompyuta. Anasema zilishuka chini kabisa?"

"Chini kabisa. Zikasimama."

Akatikisa kichwa taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka. "Zilikuwa zinatulia," akasema. "Niliziona na macho yangu."

Basi nawaandikia ninyi, na nakala ya barua hii nimempa mkuu wa kituo wa sasa. Niliwalisha samaki. Nilipoulizwa, nilisema sikuwalisha. Daftari la Mama Neema nililiokota kwenye takataka za ofisi wiki aliyoondoka, sijui kwa nini, na nimelificha kabatini chini ya mashati hadi leo. Nimeliambatanisha na barua hii. Mistari myekundu haikufuta kitu, mtasoma kila namba. Aline, mwanangu, utakapoandika ripoti yako, mahali pa jina la aliyeona kwanza, usipaache wazi.