Nesi Aliyesahau Maji ya Chumvi

Saa tatu asubuhi, chumba cha vidonda hospitalini kimeshajaa, benchi limebeba watu mpaka linalia. Nesi mmoja mnene kidogo, mwenye raba nyeupe, ameinama kwenye mguu wa mzee mgonjwa wa kisukari. Hana haraka na bandeji iliyogandia kidonda. Anaimwagia maji ya chumvi ya vuguvugu, anaiacha ilainike, huku anauliza habari za kuku.

"Kuku wazima, mjukuu wangu. Ila jogoo ana kiburi, utafikiri yeye ndiye anayetaga."

Chumba kizima kinacheka. Kumbe bandeji imeshatoka, mzee hata hajajua.

Wagonjwa wanamwita Mama Taratibu. Lakini ndugu zangu, vyaelea vimeundwa. Ilibaki kidogo tu jina hilo limponyoke.

Wakubwa wa hospitali walianza kumhamisha. Leo wodi ya wazazi, kesho mapokezi, keshokutwa kwa watoto, na kumuuliza hawamuulizi. Akifanya vizuri, kimya. Akiteleza, anasemwa mbele za watu.

"Nikawa navaa sare kama naenda msibani," anasema. "Kazi naipenda, lakini ni kama kumpenda mtu asiyekutazama."

Dada yake ana duka la vitambaa, naye hakumpa nafasi ya kupumua: "Njoo tuuze, mdogo wangu. Kitambaa hakikutapikii." Mwisho akakubali. Mwezi ukiisha, anaaga hospitali.

Basi siku moja akarudishwa chumba cha vidonda kuziba pengo. Mwili uko pale, moyo uko dukani. Akaishika bandeji ya mzee huyu huyu wa kuku, akaivuta kavu. Kavu! Yeye aliyekuwa akiwagombeza wanafunzi kwa kosa hilo hilo. Damu ikachuruzika.

Mzee akauma meno, halafu akamshika mkono. "Mjukuu wangu, leo nani kakuudhi?"

Akifika hapo kusimulia, nesi anafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ina glavu. "Angenitukana ningeondoka siku ile ile. Mtu nimemchuna, anauliza nani kaniumiza mimi!"

Alikwenda moja kwa moja kwa matroni, mkubwa wa manesi, akamwaga yote.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Mama, kuna siku mliniuliza?"

Matroni akafungua daftari la zamu. Mshahara wa kuongeza hakuwa nao. Alichokuwa nacho alikitoa: akamrudishia chumba chake, na akaapa hahamishwi tena bila kuulizwa. Siku hizi asubuhi anachungulia mlangoni, "Kidonda cha yule bibi kimefunga vizuri, hongera," anapita zake. Neno tu, lakini neno zuri nalo ni dawa. Wagonjwa waliokuwa wanakwepa siku ya kubadilishiwa bandeji wamerudi wenyewe, tena na stori zao.

Sasa nesi anataka apewe manesi wapya awafundishe mkono wa taratibu. Shida ni moja: mwezi ndio huu unaisha, na dada bado anamsubiri.

Simu inalia. Ni dada. Nesi anavua glavu, anaiweka simu kwenye spika, benchi zima linatega masikio.

"Dada, kiti changu mpe mwingine."

"Wamekuongeza mshahara?"

"Wala."

"Sasa wamekupa nini?"

"Wameniuliza."

Dada anaguna. "Haya. Siku nikijikata na mkasi, nakuja kwako."

"Njoo, dada yangu. Nitalowesha kwanza."