Mgeni wa Mzee Kuramochi

Nyumba yetu ya chakula hapa Kyoto haipokei mgeni asiyeletwa na mteja wetu. Watu husema tuna maringo. Waache waseme. Anayekuleta ndiye anayekubeba: ukivunja heshima, mlango unafungwa kwenu nyote wawili.

Shizue, mwenye nyumba, aliipokea desturi hiyo kwa mama mkwe wake. Mimi ni wifi yake, napika, na namjua: uso mgumu, moyo laini.

Juzi mchana Mzee Kuramochi alimleta mwanawe, Takuma, ili naye awe mteja. Kaka yangu, mumewe Shizue, alipofariki, nyumba ikakaribia kufungwa, ni mzee huyu aliyetuletea wateja mmoja mmoja mpaka tukasimama tena. Kwa hiyo siku hiyo nilipika kwa furaha. Nilikuwa napanga samaki kwenye sahani niliposikia yowe.

Nilitoka mbio, nikamkuta Shizue akisukuma mlango wa karatasi wa chumba cha wageni. Takuma, macho mekundu kwa pombe, alikuwa amemshika mkono Nao, mhudumu wetu, akimvuta.

"Mwachie," Shizue alisema.

"Ah, mama, utani tu! Kwani huyu ni sukari, atayeyuka?"

"Nimesema mwachie."

Alimwachia. Mzee alikodolea macho mkeka. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nilimvuta Shizue pembeni. "Wifi, mzee wa watu ana kosa gani? Mfukuze huyo mhuni, basi!"

"Aliyemleta ni nani?"

"Lakini bila yeye tungekuwa wapi?"

"Najua!" Sauti ilimkatika. "Na Nao nimwambie nini? Kwamba mkono wake ni malipo ya fadhila zangu?"

Niliona aibu, na bado nilitamani anyamaze.

Alirudi, akapiga magoti, akainama mpaka paji likagusa mkeka. "Mzee Kuramochi, nakuomba usije tena."

Takuma alicheka. "Baba, unamsikia huyu?"

"Funga mdomo!" Mzee aligeuka, akamwinamia Nao kwanza, kisha Shizue. "Asante kwa chakula cha miaka yote, mama."

Tuliwasindikiza hadi nje. Kwetu mwenyeji huinama mpaka mgeni apotee kwenye kona. Mzee alipofika pale aligeuka, akainua mkono kuaga. Shizue hakumwona. Alikuwa bado ameinama, machozi yakidondokea mawe.