Jina la Pili kwenye Karatasi

Mtu ninayetaka kumweleza hapa tulimwita Chaki. Jina lake la shule analo, wala si baya, ila kwangu alikuwa Chaki, kwa sababu karatasi zikimwishia alikuwa anachukua chaki yangu ya kupimia nguo na kuandika namba juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule miaka thelathini na moja na sijawahi kumruhusu mtu aichafue meza ile. Yeye nilimruhusu. Labda ni kwa vile alikuwa anaifuta mwenyewe kabla ya kuondoka, mpaka pembeni.

Alikuwa mwembamba, shati limemzidi mabega, soksi hazifanani. Alifundisha hesabu chuo kikuu pamoja na binti yangu, na kila Jumamosi asubuhi alibisha hodi, akaniamkia, akaketi. Wakianza hapo, mpaka adhuhuri hawajasemezana maneno kumi. Mmoja anaandika, mwenzake anatikisa kichwa, wanafuta. Nilimwuliza siku moja ni kazi gani hiyo, mtu analipwa mshahara kwa kunyamaza. Akacheka, akasema wanachunguza namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikamwambia namba hazijamkosea mtu, mbona wamezipa jina la kuudhi hivyo. Akasema alilikuta.

Alinieleza taratibu bila kunidharau, na hilo silisahau. Tatu na tano, kumi na moja na kumi na tatu, kumi na saba na kumi na tisa: zinatembea mbili mbili, zimepishana hatua mbili tu. Ukienda mbele jozi hizo zinakuwa adimu, lakini hakuna mtu duniani anayejua kama kuna mahali zinakoma. Nikamwuliza kama wao ndio watakaojua.

"Hapana, mama," akasema. "Gauni lina wenyewe. Sisi tunashona upindo tu."

Upindo huo uliwachukua miaka mitatu. Nusu ya kwanza ilipotoka kwenye jarida la wataalamu wao, binti yangu alileta nakala nyumbani. Nusu ya pili, ndiyo kubwa, ilikuwa imebaki kidogo wamalize. Nikavaa miwani, nikasoma juu. Jina la Chaki la kwanza. La binti yangu la pili.

Katika ufundi wetu, kibao cha duka kinaanza na jina la mwenye duka. Anayefuata ni msaidizi. Mwanangu nilimwona kwa macho yangu akikondea kazi ile, kwa hiyo nikajua ameliwa. Sikumwuliza. Kumwuliza ni kukiri kwamba sijaelewa, na kukiri si tabia yangu.

Jumamosi iliyofuata binti yangu alikuwa sokoni Chaki alipofika. Nilimsimamisha mlangoni, nikamwambia ameketi mezani kwangu miaka mitatu, kumbe anatafuta punda wa kumbebea mizigo. Nikaongeza kwamba mwanangu ameumia, ila anaona haya kusema, ndiyo maana nasema mimi. Hilo la mwisho nililitunga.

Alijibu neno moja tu. "Mama, sisi huwa tunayapanga majina kwa herufi."

Nikamwambia herufi nimejifunza ukubwani, ila ujanja niliujua zamani. Akaitazama meza nyuma yangu, kisha akashuka ngazi.

Wiki ile alimwandikia binti yangu mistari miwili: aendelee peke yake, na yote aliyoandika yeye ayachukue, jina lake asiliweke. Binti yangu akasoma, akakaa. Akaniambia Chaki amemwona mzito, amechoka kumngoja. Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikaendelea kukata.

Kuitoa kazi ya wawili kwa jina lake pekee binti yangu alikataa. Kwao huo ni wizi, afadhali njaa. Chaki akahamia shule ya sekondari mji mwingine, na madaftari yakabaki kabatini.

Mwaka wa nne tangu Chaki aondoke nilipeleka majoho ya mahafali chuoni, nikapitia idarani kwao. Ukutani walikuwa wamebandika kurasa za kwanza za kazi zao. Nilizisoma zote kwa kidole. A mbele, M katikati. Mkuu wa idara, mzee anayeogopwa na kila mtu, alikuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya mwanafunzi wake, kwa kuwa jina lake linaanza na Y. Chaki alikuwa amesema kweli. Hata hivyo nilirudi nyumbani nikanyamaza miaka mingine mitano. Ningependa kuandika kwamba niliogopa. Sikuogopa. Kilikuwa kiburi.

Mwaka jana binti yangu aliniita kwenye kompyuta. Watu wawili wa mbali wameimaliza nusu ile ya pili, kwa njia ileile waliyokuwa wameishika wao. Hakulia. Alisema angalau njia ilikuwa sahihi. Afadhali angelia.

Nikapanda basi. Nilimkuta Chaki chumba cha walimu, anasahihisha madaftari, mvi zimemwingia. Alinipa kiti chake, akasimama yeye. Nikamwambia yote, pamoja na lile nililolitunga.

Aliiweka peni juu ya madaftari. "Miaka yote tisa nilijua yeye ndiye aliyekutuma," akasema.

Nikamwambia hajui hata leo. Kengele ikalia, akakusanya vitabu, akaniomba radhi, yeye kuniomba mimi, kwamba ana kipindi.

Niliporudi nilimwambia binti yangu. Aliuliza swali moja: siku ile aliposema Chaki amemwona mzito, nilikuwa najua? Nikasema nilikuwa najua. Akatoka chumbani.

Sasa wanapigiana simu mara mojamoja, wanaulizana afya na kazi. Namba hawazigusi. Juzi nilimwuliza binti yangu kwa nini wasianze kazi nyingine, maana bado wana nguvu. Hakunikasirikia.

"Mama, kwa Chaki nilikuwa nasema upuuzi mara kumi ndipo nipate moja la maana, na sikuona aibu," akasema. "Sasa tukiongea, kila mmoja anapima kwanza neno lake."