Wasichana Wako Kortini

Mwenye lori alitujibu bila hata kushuka. "Nani ataacha shughuli zake aje kuona wasichana wakirukaruka? Nionyesheni watazamaji, nami nitawapeleka Meru." Mashindano ya netiboli yalikuwa huko Jumamosi iliyofuata, na shule yetu haikuwa na gari. Mimi ndiye niliyekuwa mfungaji. Nilitamani kumtemea mate, wallahi.

Mwalimu wetu wa michezo akapanga mechi ya mazoezi na shule jirani siku ya soko la mifugo, akamtuma mtu mwenye kipaza sauti aitangaze. Uwanja wa netiboli tuliuita koti, kwa Kiingereza. Yule bwana akatangaza alivyosikia: "Leo saa nane, wasichana wa shule wako kortini!"

Lo! Na korti kwetu ni mahakama. Miaka hiyo ya sabini neno hilo lilikausha mate mdomoni. Watu walikimbilia mahakamani, wakakuta pamefungwa, wakaelekezwa shuleni. Wakaja kina mama wanalia, wazee na fimbo zao. Baba yangu alikuwa mbele, ametembea kutoka kijijini kwetu Burat. Hakujua kwamba ninacheza.

"Umeiba nini?" akanifokea mbele ya watu wote.

"Sijaiba, Baba. Tunacheza mpira."

Akanitazama, kisha akautazama mpira. Mwenye lori, aliyekuja kuona kama watazamaji watatokea, akamwangulia mwalimu kicheko. "Hawa wamekuja kwa kesi. Ngoja uone watakavyotawanyika." Na kweli, wengine walikuwa wameshageuka kwenda zao.

Filimbi ikalia. Nikapata mpira, nikatupa, nikakosa. Mama mmoja akapiga kelele, "Rudia, msichana, usiogope!" Nikarudia. Ukaingia. Vigelegele vilipasuka, na wale waliokuwa wakiondoka wakarudi mbio kuuliza kumetokea nini. Hawakuondoka tena. Kufika kipindi cha pili walikuwa wameukanyaga mstari, mwalimu akiwasukuma nyuma kwa mikono.

Mwenye lori alikuwa amesimama mbele ya baba yangu, kofia kubwa kichwani.

"Wewe, songa," baba akamwambia. "Naona mgongo wako tu, na mtoto wangu yuko pale."

Akasonga.

Mechi ilipokwisha, tumeshinda, baba alimgeukia mwenye lori yule yule. "Wanacheza tena lini?"

Bwana mkubwa akautazama umati, akajifuta jasho. "Jumamosi, mzee. Meru. Mimi ndiye ninayewapeleka."

"Basi niwekee nafasi," baba akasema.