Singa za Upinde wa Mzaramo

Jumanne, tarehe 12 Novemba. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikakatika saa nne, halafu likatoka jua kali mpaka mabati ya jirani yakawa yanatoa mvuke.

Leo tumemzika rafiki wa baba yangu. Nasema tumemzika, lakini makaburini walikwenda wanaume, sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake Mkuyuni. Nataka kuandika siku hizi tano zilivyokwenda, pamoja na sehemu yangu. Nikingoja nitaanza kuipunguza. Mimi niliishia darasa la saba na sina uhakika kama naandika vizuri, ila nitajitahidi nisimwonee mtu.

Baba ni fundi wa fidla, na zaidi ya fidla ni fundi wa pinde zake, ile fimbo yenye singa inayokwaruza nyuzi mpaka zitoe sauti. Hapa Mabatini watu wengi wanamjua kwa vitanda na makabati, maana ndiyo yaliyotulisha. Pinde alikuwa akizitengeneza pembeni, kwa ajili ya wapigaji wa taarabu na siku hizi wa kwaya. Mti wake ni mkole, anauacha ukauke miaka juu ya kabati, halafu anaupitisha kwenye joto la makaa na kuukunja kidogo kidogo, huku amefumba jicho moja. Nimemwona akitupa kazi ya wiki nzima jikoni iwe kuni kwa sababu mti ulipinda upande unene wa ukucha. Mimi nisingeona hata huo upande.

Huyo rafiki yake alipiga fidla kwenye harusi za mji huu tangu mimi sijazaliwa. Yeye ni Mzaramo, baba ni Msukuma, kwa hiyo ni watani, na sijawahi kuwasikia wakiongea sentensi tatu bila kutukanana. Mwaka huu mapafu yalimweka kitandani. Fidla ikakaa ndani ya sanduku miezi, wadudu wakazila singa za upinde wake wa pekee, ule aliotengenezewa na baba zamani. Akatuma salamu: anataka upinde utiwe singa mpya, apige mara moja tu kabla hajaondoka. Ndivyo alivyosema, kabla hajaondoka.

Singa zinazofaa ni za mkia wa farasi, na Mwanza farasi utamtoa wapi? Baba alipendekeza ajaribu nyuzi za nailoni. Nilikuwepo Mzaramo alipomjibu kutoka kitandani, pumzi inakatika.

"Wewe Msukuma, unataka kuniwekea nyavu? Mimi ni sangara?"

"Sangara ana faida. Wewe una miiba tu."

"Niletee singa. Na uharakishe, unavyokokota miguu kama unachunga ng'ombe."

Baba akampigia simu mtu wa Arusha anayetunza farasi. Alhamisi kikafika kifurushi kwa basi, singa zimefungwa kwenye gazeti, za kutosha upinde mmoja tu. Ijumaa baba akaziosha, akazichana zikiwa bado na maji, akazifunga ncha kwa uzi na kuzibana kwa vijiti vidogo, juu na chini. Kisha akautundika upinde kwenye msumari sebuleni ukauke.

Nyumbani kwetu kuna katazo moja ambalo hata watoto wadogo wanalijua: singa haziguswi. Ukiushika upinde, unashika mti. Mkono wa mtu una mafuta hata akiwa amenawa, na singa yenye mafuta inateleza juu ya uzi, haitoi sauti.

Jumamosi mchana mvua ikaja na upepo, ikaingia dirishani. Baba hakuwepo. Wifi yangu ndiye aliyeutoa upinde msumarini akauweka mezani. Nilimwona kwa macho yangu, alishika mti, vidole viwili tu. Naandika hivi kwa sababu mimi na yeye hatupatani sana na ningeweza kuiacha habari hii ikae vibaya upande wake. Baada ya hapo mimi nilitoka kuoga. Nilikuwa nimejipaka mafuta miguu na mikono, nina beseni mkono mmoja. Nikaona mjukuu wangu anauzungukazunguka mguu wa meza. Nikauchukua upinde haraka niuweke juu ya kabati, na niliushika katikati, kiganja chote juu ya singa. Nilijua hapohapo. Nikaziangalia, zikawa nyeupe vilevile, sikuona kitu. Nikajiambia labda sikugusa sana.

Jumapili asubuhi baba akazipaka singa ulimbo, ule utomvu mkavu unaozifanya zishike nyuzi, akachukua fidla yake, akaujaribu upinde. Mwanzoni ulilia. Ulipofika katikati sauti ikatoweka, kama mtu aliyezibwa mdomo, halafu ikarudi karibu na ncha. Akarudia. Akatuita wote sebuleni.

"Kuna aliyeushika?"

Wifi akasema, "Mimi, baba. Mvua iliingia nikautoa msumarini. Lakini nilishika mti."

Baba akanigeukia. "Na wewe?"

Nikasema, "Mimi sijui, baba."

Sijui nini? Hata leo sielewi nilimaanisha nini. Nina miaka arobaini na sita, nina mjukuu, na nilijibu kama mtoto aliyevunja kikombe. Baba hakunishuku. Akasema basi ni ulimbo, umezeeka na umeyeyuka kwa joto. Akavaa kofia, akaenda mpaka Buzuruga kwa kijana mmoja mpigaji wa kwaya kuomba ulimbo mzuri. Alimkosa. Akaenda tena Jumatatu asubuhi, akampata, akaja nao mchana. Akapaka. Pale katikati hali ikawa ileile.

Akaulaza upinde mapajani. Halafu akasema, bila kumwambia mtu hasa, "Ni mimi. Sikuziosha vizuri. Mikono imekwisha hii." Akamwambia wifi kwamba huu ndio upinde wa mwisho, vifaa vyake apewe yule kijana wa kwaya akivitaka.

Nilikuwa mlangoni. Nikageuka, nikaenda uani kuanua nguo.

Jioni ile akaziosha upya palepale kwenye mti wake, kwa mswaki laini na povu la sabuni, halafu spiriti kidogo, akikinga mti kwa kitambaa usibabuke rangi. Akasema asubuhi zitakuwa zimekauka, atampelekea.

Simu ilikuja leo alfajiri mvua ikinyesha. Baba aliipokea akasema "Inna lillahi," akaketi. Baada ya muda akainuka, akazigusa singa kwa mgongo wa ukucha, zimekauka. Akavuta upinde mara moja juu ya fidla, kutoka mwanzo mpaka ncha. Sauti ilikwenda yote bila kukatika popote. Wifi akaanza kulia jikoni.

Mkuyuni nilikaa karibu na mjane. Alinieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, watu hueleza hivyo siku ya kwanza. Jumatatu asubuhi mzee aliamka na nguvu, akaomba ainuliwe, akavalishwa shati lake la shughuli, fidla ikawekwa kitandani. "Akaniambia Msukuma anakuja leo. Kila akisikia mlango, 'Ni yeye?' Mpaka adhuhuri akachoka, tukamlaza." Mimi nikamshika mkono. Sikumwambia. Sijui kama kumwambia kungekuwa haki au kungekuwa kumtwisha mzigo wangu mtu aliyefiwa. Bado sijui.

Kabla jeneza halijatoka, watu walimtazama baba. Mtani hana ruhusa ya kunyamaza msibani, ndiye anayetakiwa kumtania marehemu watu wapate kuvuta pumzi. Baba alikuwa amesimama uani na upinde mkononi. Alinyamaza mpaka mzee mmoja akamtania yeye: "Msukuma, leo umemeza ulimi? Au ng'ombe wameula?"

Baba akakohoa. "Mzaramo wewe," akaliambia jeneza, "maisha yako yote hujawahi kuwahi harusi hata moja. Bibi arusi anakungoja, wewe unakula. Leo ndiyo umejua kuwahi?"

Watu wakacheka, na sisi mlangoni tukacheka. Baba akaugeuzia ukuta uso. Wakaliinua jeneza. Aliporudi kutoka makaburini baba aliingia chumbani kwa rafiki yake, akaulegeza upinde kama inavyofanywa mtu akimaliza kupiga, akaulaza ndani ya sanduku la fidla, akafunga.

Tulirudi nyumbani kabla ya magharibi. Nilimkuta amekaa kwenye benchi lake la kazi, anapanga patasi na vitana ndani ya boksi kwa ajili ya yule kijana. Nikasema, "Baba, ni mimi niliyezishika singa. Jumamosi. Nilikuwa nimejipaka mafuta."

Hakuinua kichwa. "Mafuta gani?"

"Ya mgando. Ya kujipaka."

"Ulizishika wapi?"

"Katikati."

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyeonyeshwa ufa aliokuwa anautafuta. "Ungesema Jumapili nilipouliza."

"Ndiyo, baba."

"Ningeosha saa ileile. Jioni zimekauka."

"Najua."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza juu chini. Nilidhani angalau hilo lingempa nafuu, kujua kwamba haikukosea. Alisema tu, "Kumbe," akazitoa patasi kwenye boksi moja moja akazirudisha mahali pake ukutani. Hakunifukuza, na hakuniambia nimesamehewa. Sikuomba.

Wifi alichemsha viazi vitamu, maana hakuna aliyepita sokoni, tukala na chai ya rangi. Baba alikula vipande viwili.