Nilifuta Jina la Mwalimu Nekesa

Nimesoma asubuhi kwenye group ya walimu wa zamani kwamba Nekesa ametuacha. Mpaka saa hii kichwa kimekataa kabisa kuipokea hiyo habari.

Chini yake nikakuta post ya yule aliyekuwa headmaster wetu. Ameweka picha ya Nekesa, ati "nilimlea kikazi." Nilikuwa na chai mdomoni. Nikaitema kwa sink.

Wacha niwaambie Nekesa alikuwa nani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, shule moja ya msingi Nairobi, karibu na mtaa wa Tena. Yeye alifundisha sayansi, mimi Kiswahili. Vitabu vya kugombaniwa, na kurasa za katikati zimeng'olewa.

Binamu yake alikuwa karani wa kiwanda huko Industrial Area, na ofisi yao ilikuwa na internet. Jumamosi wakishafunga kazi, Nekesa aliketi pale kutafuta masomo ambayo walimu wa nchi zingine wameweka bure. Ukurasa mmoja ulifunguka polepole mpaka anasahihisha rundo la madaftari akingoja.

Alichopata hakukificha. Alikiandika upya kwa lugha nyepesi, akachora picha, akatugawia staffroom. Na notes zake mwenyewe pia alizituma huko kwa internet. Siku mwalimu mmoja wa Morogoro alimwandikia email kwamba amezitumia darasani, Nekesa aliiprint, akatembea na ile karatasi wiki nzima.

Chini ya kila ukurasa aliandika, "Imeandaliwa na Nekesa." Nikamtania kwamba anapenda sifa.

"Mutua," akasema, "mtu akipata kosa, atamuuliza nani?"

Basi headmaster akaziona notes zake za moyo na damu. Akaniita ofisini.

"Mwalimu Mutua, futa hapo chini uandike jina langu. Hizi zinaenda shule zote za zone yetu ya elimu."

Nilikuwa nangoja anipendekeze niwe senior teacher. Nikachukua ile rangi nyeupe ya kufutia, nikapaka, nikapuliza ikauke vizuri. Halafu nikaandika.

Nekesa aliikuta copy imebandikwa staffroom. Mwandiko wangu aliujua. Aliniangalia, akaenda darasani.

Siku chache baadaye alinunua moyo wa ng'ombe buchari, akaniomba nimsaidie kushika watoto wa class seven watulie. Joto, nzi, damu kwenye gazeti. Mtoto mmoja alitapikia dirishani. Nekesa akapasua, akaingiza kidole upande mmoja, kisha upande wa pili. Akaitazama picha yake ya notes, kisha ule moyo tena.

"Nilikosea," akawaambia watoto. "Kwenye picha yangu, kushoto nimeita kulia. Fungueni madaftari turekebishe."

Alienda ofisini moja kwa moja, mikono bado inanuka. Mimi nyuma yake.

"Mzee, ile picha ya moyo ina kosa. Tutume karatasi ya kusahihisha."

"Jina lililoandikwa pale ni la nani?"

"Ni lako."

"Basi hakuna kosa. Mimi siwezi kuaibika mbele ya zone."

"Mtihani wa mock uko karibu, mzee. Watoto watajibu vibaya."

"Watajibu vile wamefundishwa."

Alisema hivyo huku anachokonoa meno. Miaka yote hii sijausahau ule mdomo. Halafu nakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama hapo na mimi pia sikusema kitu.

Nekesa aliandika masahihisho kwa mkono, moja moja, akayapeleka kwa miguu baada ya kazi. Kuanzia mtaa wa Umoja, hadi Pumwani. Shule nyingi zilimrudisha getini: hizi ni notes za headmaster, wewe ni nani? Chache zilimpokea.

Mock ikaja, na swali la moyo likaja. Watoto wa zile shule zilizomrudisha waliandika kushoto ni kulia, jinsi walivyofundishwa. Wakakosa.

Baada ya hapo ikaja barua ya Nekesa. Transfer, kwa utovu wa nidhamu. Yangu ikaja muhula uliofuata: senior teacher. Mama yangu alichinja kuku. Nilikula.

Kwa hivyo mnaoandika "pole sana Sir" chini ya ile post, hamjui mnampa nani pole. Na mimi msinipe.

Siku ya kuondoka, Nekesa alikuja mlangoni kwa darasa langu na diskette.

"Humu nimekutafutia hadithi za Kiswahili," akasema. "Class four watazipenda."

Alikuwa amezitafuta Jumamosi iliyopita. Alishajua ni mimi niliyefuta jina lake, na bado akaketi mbele ya ile kompyuta akatafuta vitu vya somo langu.

Nilizifundisha hizo hadithi mpaka nikastaafu. Sikumpigia simu hata mara moja kumwambia nisamehe.

Nekesa, nisamehe. Najua hili nalisema saa ambayo huwezi kunijibu, na pengine ndiyo maana nimeweza.

Pumzika sasa, mwalimu. Lala kwa amani yako yote.