Mwizi wa Chumvi ya Ng'ombe

Bado nina hasira na nafsi yangu, lakini cheka tu. Mvua ilipokatika hapa Nyaishozi, nilikuta beseni la chumvi ya ng'ombe, nililosahau kulifunika, limejaa maji matupu. Nikambeba mwanangu Asimwe mgongoni mpaka kwa jirani yangu, Mama Koku, nikafoka mbele ya watu: “Rudisha chumvi yangu, mwizi wee!”

Mama Koku akasema twende tukaone. Alinifuata zizini, watu nyuma yake, akachungulia beseni.

“Mama Asimwe, si ulisoma kemia wewe?”

“Mpaka kidato cha nne! Inahusu nini?”

“Haya, onja hayo maji.”

Kwa hasira nikachota kiganja kizima, nikabugia. Chumvi yote ilikuwa humo humo! Uso ukajikunja wenyewe, na umati ukaangua kicheko kabla sijatema.